Dawa ya Kila Mwezi, Fedha ya Msimu

Tiba ya maradhi ya kudumu katika wilaya za Butiama, Bunda na Musoma mkoani Mara, Tanzania, hupangwa kwa mwezi, ilhali fedha ya kuigharimia hupatikana kwa msimu. Mgonjwa wa shinikizo la damu, kisukari, selimundu au kifafa huandikiwa kwenye kadi tarehe ya kurudi kliniki, na tarehe hiyo humfikia iwe pamba imekwisha kuuzwa au ingali shambani, iwe ziwani kuna giza linalofaa kwa uvuvi wa dagaa au mbalamwezi imewalazimu wavuvi kukaa nchi kavu wakisubiri. Mkulima wa Nyamuswa na mchimbaji mdogo wa Buhemba hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha yao huja kwa mafungu yasiyolingana, na katikati ya fungu moja na jingine kuna wiki nyingi za ukata ambazo kadi ya kliniki haizitambui. Hoja ya safu hii ni kwamba sehemu kubwa ya uamuzi wa kukatisha matibabu huzaliwa katika pengo hilo, na kwamba sera za uchangiaji, misamaha na bima ambazo taifa limezijaribu tangu miaka ya 1990 zimeshughulika zaidi na kiasi cha fedha kinachodaiwa dirishani kuliko wakati inapodaiwa, mara ngapi inadaiwa, na gharama gani nyingine zimemfikisha mgonjwa kwenye dirisha hilo.

Wataalamu wa afya huita ufuasi wa tiba kile kiwango ambacho mgonjwa hutumia dawa na kuhudhuria kliniki kama alivyokubaliana na mtoa huduma, na huita ukatishaji wa tiba hali ya kuacha matibabu yaliyokwisha anza, ama moja kwa moja ama kwa muda mrefu kiasi cha kuharibu matokeo yake. Udhaifu wa ufuasi si tabia ya watu wa vijijini wala ya Waafrika peke yao. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ufuasi wa tiba za maradhi ya kudumu ulikuwa wastani wa asilimia 50 tu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka kituo cha kisukari mjini New Haven, Marekani, ulionyesha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne waliotumia insulini alikuwa akiipunguza au kuiruka kwa sababu ya bei. Watu hao walitibiwa katika mji wenye mojawapo ya vyuo vikuu mashuhuri duniani, na walijua vema kwamba insulini ndiyo uhai wao. Kwa hiyo elimu ya afya, ambayo hupendekezwa upesi kila inapoonekana kwamba wagonjwa hawarudi kliniki, haiwezi kuwa jibu la kwanza kwa tatizo linalowashinda hata walioelimika.

Ili kulielewa tatizo ni lazima gharama yenyewe ichambuliwe, kwa kuwa neno hilo katika mazungumzo ya kawaida humaanisha bili ya hospitali tu. Bili hiyo, yaani malipo ya kumwona daktari, vipimo, kitanda na dawa, ni gharama ya moja kwa moja ya tiba. Nje yake kuna nauli ya bodaboda kutoka kijijini hadi barabara kuu, nauli ya gari hadi Musoma au Bunda, chakula cha siku nzima, na pengine malazi, pamoja na gharama hizo hizo kwa ndugu anayemsindikiza mgonjwa asiyeweza kusafiri peke yake. Juu ya hizo kuna kile ambacho wanauchumi hukiita gharama ya fursa, maana yake pato ambalo mtu angelipata kama asingetumia siku yake kwenye foleni: palizi iliyoachwa, genge lililofungwa, zamu ya shimoni iliyochukuliwa na mwingine. Butiama iko kiasi cha kilomita 45 kutoka Musoma mjini, na Musoma iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mwanza, ambako ndiko iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Kila hatua ya rufaa huongeza gharama zisizo na stakabadhi, na ndizo ambazo hazimo katika hesabu za hospitali wala za mfuko wa bima.

Historia ya malipo ya tiba nchini ina uhusiano wa pekee na Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Serikali aliyoiongoza, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilishikilia kwamba huduma katika vituo vya umma zitolewe bila malipo, ikapanua zahanati na vituo vya afya vijijini, na mwaka 1977 ikatunga sheria iliyozuia tiba ya binafsi ya kutafuta faida. Msukosuko wa uchumi uliofuata vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta uliziacha zahanati nyingi zikiwa na majengo na watumishi lakini hazina dawa, na katika hali hiyo ushauri wa Benki ya Dunia, uliotolewa kwa uwazi katika andiko lake la mwaka 1987 kuhusu ugharimiaji wa afya katika nchi zinazoendelea, ulipata masikio. Andiko hilo lilidai kwamba ada ndogo zingeongeza mapato ya vituo na kuwazuia watu kufika hospitalini bila sababu ya msingi. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa ili kuruhusu tena tiba ya binafsi, na mwaka 1993 uchangiaji gharama ulianza katika hospitali kubwa kisha ukashushwa hadi za wilaya. Mgonjwa wa Mara, aliyezoea kwa kizazi kizima kwamba dawa ni haki isiyo na bei, akakutana na utaratibu unaoitwa hadi leo papo kwa papo, yaani kulipa pale pale huduma inapotolewa.

Dai la kwamba ada huwazuia wasio na sababu ya msingi lilijaribiwa katika nchi inayopakana na Mara, na matokeo yake yanastahili kukaziwa macho. Kenya ilianzisha ada katika vituo vya serikali Desemba 1989 na kuzisitisha Septemba 1990, na katika miezi hiyo watafiti walifuatilia mahudhurio ya kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya kabla ya ada, na ya wanawake hadi asilimia 65. Waliotoweka walikuwa na maambukizi halisi ambayo yaliendelea kusambaa, tena katika miaka ambayo virusi vya ukimwi vilikuwa vikienea kwa kasi. Hata jaribio kubwa zaidi la bima ya afya lililowahi kufanyika, lile la taasisi ya RAND nchini Marekani lililoanza mwaka 1974 na kukamilika mwaka 1982, lilikuwa limekwisha onyesha kwamba watu wanaodaiwa mchango hupunguza huduma wanazozihitaji kwa kiwango kile kile wanachopunguza zile wasizozihitaji. Ada, kwa maneno mengine, hupima uwezo wa mfuko na wala haina jicho la kupima uzito wa ugonjwa.

Wanauchumi huita unyumbufu wa mahitaji ule mwitikio wa watu kwa mabadiliko ya bei, na katika afya ya kinga mwitikio huo ni mkali mno. Utafiti wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kupandisha bei ya chandarua chenye dawa kwa wajawazito kutoka bure hadi senti 60 za dola kulipunguza idadi ya waliokichukua kwa pointi 60 za asilimia. Uganda nayo ilifuta ada katika vituo vya serikali Machi 2001, na matumizi ya huduma yakapanda, hasa miongoni mwa maskini. Lakini somo la Uganda lina upande wa pili ambao watetezi wa tiba ya bure hawapendi kuukabili: gharama zinazozifilisi kaya maskini hazikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa sababu dawa zilipokosekana kwenye kituo mgonjwa alikwenda kuzinunua dukani. Ada inaweza kuondolewa kwa tangazo la siku moja; gharama huhama tu, ikatoka dirisha la hospitali na kuingia duka la dawa lililo nje ya geti.

Ugonjwa unaolidhihirisha jambo hili kuliko mwingine wowote ni kifua kikuu, ambacho Tanzania hukitibu bila malipo. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, kwa ushirikiano na daktari Karel Styblo, ndio uliozaa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza baadaye duniani kote: dawa za uhakika, rejesta inayomfuatilia kila mgonjwa hadi mwisho, na mtu anayemshuhudia mgonjwa akimeza dawa. Wakati hospitali za rufaa zilipoanza kudai ada mwaka 1993, ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka huo huo iliitaja tiba ya kifua kikuu kuwa miongoni mwa matumizi yenye tija kubwa kabisa katika afya. Tiba ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa 4 kwa pamoja, kisha miezi 4 ya dawa 2, yaani rifampisini na isoniazidi. Kikohozi hupungua ndani ya wiki chache, nguvu hurejea, na hapo ndipo hatari huanza, kwa sababu bakteria waliosalia bado ni wengi kiasi cha kuurudisha ugonjwa, safari hii ukiwa pengine na usugu kwa dawa.

Kama bei ya dawa ingekuwa ndiyo gharama yote, kaya za wagonjwa wa kifua kikuu zisingekuwa na tatizo la fedha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019, hata hivyo, ulibaini kwamba asilimia 45 ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu nchini zilipatwa na gharama zinazofilisi, ambazo katika ugonjwa huu hupimwa kama matumizi na hasara zinazozidi asilimia 20 ya pato la kaya kwa mwaka. Dawa zilikuwa bure. Kilichozifilisi kaya kilikuwa pato lililopotea, safari na chakula, maana mgonjwa wa kifua kikuu huhitaji kula vizuri ili dawa zimkae. Katika maeneo ya uchimbaji mdogo wa dhahabu kama Buhemba, jambo hili lina uzito wa ziada, kwa kuwa vumbi la mawe yanayosagwa huharibu mapafu na kuyafanya yashambuliwe kwa urahisi na kifua kikuu, na kwa kuwa mchimbaji hulipwa kwa mgawo wa kinachotoka shimoni. Asiyeingia shimoni hana mgawo. Kijana aliyepata nafuu mwezi wa pili, mwenye deni la chakula alilolikusanya akiwa hoi, huyafuata machimbo mapya yanakosikika kuwa na dhahabu, nayo mara nyingi yako mbali na zahanati iliyomwandikisha. Uamuzi huo, ukitazamwa kutoka mezani kwa daktari, ni uzembe, lakini ukitazamwa kutoka kwenye hesabu ya kaya ni njia pekee iliyobaki ya kupata fedha mwezi ule. Gharama ya uamuzi huo hudaiwa baadaye, tena kwa riba kubwa: tangu mwaka 2009 mgonjwa wa kifua kikuu sugu alilazimika kupelekwa hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro kwa matibabu ya muda mrefu mbali na kwao, hadi miaka ya baadaye huduma hiyo ilipoanza kusogezwa mikoani.

Mkoa wa Mara una mfano mwingine unaojulikana kwa wataalamu wa saratani duniani, nao ni uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, ambayo hushambulia hasa taya na tumbo na hufuata ramani ya malaria kali. Hospitali ya Shirati ya Kanisa la Mennonite, iliyoko Rorya, iliwatibu watoto wengi wenye ugonjwa huo, na kaskazini mwa Mara ndiko lilikofanyika, kuanzia mwaka 1977, jaribio la kupunguza malaria kwa klorokwini ili kuona kama uvimbe huo nao ungepungua. Uvimbe wa Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, lakini huitikia dawa kwa kasi ile ile: taya lililovimba hadi kulisukuma jicho huweza kunywea ndani ya siku chache baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa. Mtoto huyo bado hajapona, na anahitaji mizunguko mingine kadhaa yenye nafasi ya wiki kati yake. Mzazi aliyemuuza ng'ombe ili kumfikisha hospitalini, aliyeacha nyumbani watoto wengine na shamba lisilopaliliwa, anamwona mwanawe akila na kucheza. Kila siku ya ziada wodini ni gharama anayoiona, wakati faida yake haionekani kwa macho. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa saratani za watoto huhesabu kuwa tiba imetelekezwa pale mgonjwa anapokosa matibabu kwa wiki 4 mfululizo au zaidi. Wiki 4 ni muda mfupi sana kwa mtu anayetafuta nauli, na ni muda mrefu sana kwa uvimbe wa Burkitt.

Kutokana na mifano hiyo miwili hujitokeza kanuni ambayo haitajwi vya kutosha katika mijadala ya sera, kwamba mgonjwa hulinganisha gharama iliyo wazi leo na faida iliyofichika kesho, na kwamba mlingano huo hubadilika kila anaporudi kliniki. Siku ya kwanza maumivu humsukuma mtu kuuza chochote alicho nacho. Mwezi wa tano maumivu hayapo, cha kuuza hakipo, na ndugu waliochanga mara ya kwanza wamechoka kuchanga. Ukoo na majirani katika jamii za Wazanaki, Waikizu, Wajita na Wakurya wana desturi thabiti ya kusaidiana wakati wa dharura na msiba, lakini desturi hiyo ilijengwa kwa matukio yenye mwanzo na mwisho. Shinikizo la damu halina mwisho. Ni vigumu kumwendea shemeji kila mwezi kwa ajili ya vidonge vya mtu anayeonekana mzima.

Mwaka 2011 uliithibitisha kanuni hii kwa namna ya kuhuzunisha. Maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walikwenda Samunge, Loliondo, ng'ambo ya Hifadhi ya Serengeti kwa anayetoka Mara, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kilichouzwa kwa shilingi 500. Wengi walieleza tukio hilo kama ushahidi wa ujinga au wa imani kupita kiasi. Uchambuzi wa gharama unaonyesha kitu kingine: kikombe kilikuwa cha bei ndogo, lakini safari ilikuwa ghali mno, na watu waliokuwa wakishindwa kupata nauli ya kliniki ya wilaya walikopa na kuuza mali ili wafike Loliondo. Kilichowavuta, pamoja na imani, kilikuwa ahadi ya malipo ya mara moja yenye kumaliza deni lote la ugonjwa, na baadhi yao waliacha dawa za kisukari na za kupunguza makali ya ukimwi kwa matumaini hayo. Huduma ya afya ambayo haiwezi kuahidi mwisho wa ugonjwa inapaswa angalau kupunguza idadi ya mara ambazo mgonjwa anadaiwa.

Ndani ya kaya, uamuzi wa nani aendelee na tiba haufanywi na mgonjwa peke yake. Januari ni mwezi ambao akiba ya mavuno imeanza kupungua, palizi imepamba moto, na shule zinafunguliwa. Elimu ya msingi na sekondari haina ada, lakini sare, madaftari na viatu vinanunuliwa. Katika mwezi huo vidonge vya bibi mwenye shinikizo la damu hushindana na sare ya mjukuu, na mara nyingi ni bibi mwenyewe anayetoa uamuzi, kwa kukaa kimya asiseme kwamba dawa zimeisha, au kwa kumeza kidonge siku moja na kuruka siku ya pili ili pakiti ifike mbali. Kukata dozi kwa namna hiyo hakuonekani katika takwimu za kliniki, kwa kuwa mgonjwa anahudhuria na kadi yake imejazwa. Huonekana siku anapoletwa na kiharusi, au figo zinaposhindwa kazi na kuhitaji kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, huduma ambayo bei yake haiwezi kulinganishwa na ya vidonge. Kwa watoto wenye selimundu hali ni nzito zaidi, kwani utafiti uliofanywa Kanda ya Ziwa na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 hubeba kinasaba cha ugonjwa huo, na dawa ya haidroksiurea, inayopunguza maumivu na vifo, ni ya kumezwa kila siku kwa miaka mingi. Kaya yenye watoto wawili wenye selimundu hulazimika kuchagua mambo ambayo hakuna mzazi anayepaswa kuyachagua.

Serikali haikuliacha tatizo hili bila kinga. Misamaha imewekwa kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye maradhi kadhaa ya kudumu, na asiye na uwezo anaweza kusamehewa baada ya kupitia kwa ofisa ustawi wa jamii akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Kasoro ya utaratibu huu imo katika muundo wake, kwa kuwa kituo kinachosamehe ndicho kinachobeba hasara, hivyo kinavyotii sera zaidi ndivyo kinavyobaki na fedha kidogo zaidi ya kununulia dawa. Mzee anayefika na kitambulisho cha msamaha humwona daktari bila kulipa, kisha huambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Msamaha wa aina hiyo humpa mtu cheti cha daktari asichoweza kukitumia, na ni haki kusema kwamba umewavunja moyo wazee wengi kuliko ada yenyewe, maana ada ilijulikana kabla ya kuondoka nyumbani.

Bima ndiyo njia ambayo kwa asili yake ingeweza kuziba pengo la kalenda, kwa kuwa humwezesha mtu kulipa akiwa na fedha na kutibiwa asipokuwa nazo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, kisha ukaundwa upya na kuwa mfuko ulioboreshwa, ambao kaya ya watu 6 vijijini ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kiasi hicho hakikuwa kikubwa kwa kaya iliyouza pamba Julai, na kilikuwa kikubwa mno kwa kaya hiyo hiyo Februari. Uandikishaji usiofuata msimu huwakuta watu wakati mbaya, na hujikuta ukiwavutia zaidi wale walio na mgonjwa tayari, jambo linaloudhoofisha mfuko. Zaidi ya hayo, kadi hiyo ilikoma pale ambapo ugonjwa unakuwa ghali, kwa maana mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Musoma kwenda Bugando aliiacha kinga yake nyuma katika hatua ile ile ambayo nauli, malazi na vipimo vinaongezeka kwa mkupuo. Kukamilishwa kwa hospitali ya Kwangwa mjini Musoma, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo kadhaa, kumepunguza baadhi ya safari hizo, na kwa kipimo cha ufuasi wa tiba pengine ni hatua kubwa kuliko punguzo lolote la ada. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, imeweka ulazima wa kujiunga na njia ya kuwagharimia wasio na uwezo. Mafanikio yake Mara yatategemea kama mchango utadaiwa kwa kufuata uchumi wa mahali, na kama dawa zitakuwepo.

Njia ya kuoanisha kalenda hizo mbili haihitaji kubuniwa upya, kwa sababu mpango wa ukimwi umekwisha kuionyesha. Dawa za kupunguza makali ya virusi zimetolewa bure nchini tangu mwaka 2004, lakini hatua iliyowapunguzia wagonjwa mzigo wa safari ilikuja baadaye, pale waliokuwa na hali nzuri waliporuhusiwa kupewa dawa za miezi 3 na hatimaye hata za miezi 6 kwa mara moja. Mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye vipimo vyake vimetulia hana sababu ya kitabibu ya kusafiri kila mwezi kutoka Buhemba; anasafiri kwa sababu bohari ya kituo haina akiba ya kumpa zaidi. Fedha ya kununua akiba hiyo mapema inaweza kuonekana nyingi kwenye bajeti ya halmashauri, lakini tayari inalipwa na wagonjwa kwa njia ya nauli, na kwa jumla ya kaya zote huenda inalipwa mara nyingi zaidi. Mchango wa bima nao unaweza kukusanywa kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika wakati wa kuuza pamba, ambako makato ya pembejeo yamekuwa yakifanyika kwa miaka mingi, na kwenye mialo ya Musoma na Majita kwa mafungu madogo kila giza la dagaa linapomalizika, badala ya kumsubiri mvuvi apate mchango wote kwa siku moja.

Rufaa inahitaji jicho lake. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hulipa ruzuku kwa kaya zilizokwisha kutambuliwa kijijini, na orodha hiyo ingeweza kutumiwa kumpa nauli na posho ya chakula mgonjwa wa kaya hiyo anayepelekwa Bugando, bila kumrudisha tena kwenye mlolongo wa barua za mtendaji na mahojiano ya ustawi wa jamii. Kwa mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt, nauli ya kurudi kwa mzunguko wa tatu ni sehemu ya dawa kama ilivyo chupa inayotundikwa kitandani, na inapaswa kuandikwa kwenye bajeti ile ile.

Jambo la kuanza nalo, na lisilo na gharama kubwa, ni rejesta. Rejesta za kliniki za shinikizo la damu na kisukari zikiandika, kwa kila mgonjwa asiyerudi, mwezi aliokosa, kijiji anakotoka, kazi inayompatia riziki na kama mara ya mwisho alikuta dawa au alitumwa dukani, ndani ya mwaka mmoja halmashauri za Butiama, Bunda na Musoma zitaweza kuona kama wanaokosa hujazana katika miezi ya kabla ya mavuno, kama wanatoka upande wa machimbo au wa ziwani, na kama kituo kilichoishiwa dawa Oktoba ndicho kilichopoteza wagonjwa Novemba. Mpango wa kifua kikuu umekuwa ukimfuatilia kila mgonjwa kwa jina hadi mwisho wa tiba tangu mwaka 1977, katika zahanati hizi hizi, kwa kalamu na daftari.